Mwanafunzi Ni Mgeni wa Miaka Minne

Ukitaka kujua kama mboji inafanya kazi, chomeka fimbo ndefu hadi katikati ya biwi, iache siku tatu, kisha ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, waache vijidudu waendelee na shughuli zao. Ikiwa baridi, kuna jambo. Ikiwa na ukungu mweupe, biwi lina kiu, limwagie maji. Kipimajoto hiki hakina betri wala hakiagizwi kutoka ng'ambo, na fundi wake ni mwenye panga.

Mafunzo ya namna hii yametolewa kwa miaka mingi mjini Kitale, Trans Nzoia, katika Manor House Agricultural Centre, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1984, ule mwaka wa ukame. Somo lake kuu ni kuchimba mara mbili. Unafukua udongo wa juu kwa kina cha futi moja, unauweka kando, kisha unaingiza jembe uma kwenye tabaka la chini na kulilegeza futi nyingine bila kuligeuza. Kwa nini? Kwa sababu shamba linalolimwa kwa kina kilekile kila msimu hufanya sakafu ngumu huko chini, na mzizi wa sukuma wiki ukifika hapo hukunja magoti. Ukishalegeza, unatia mboji na kupanda miche kwa ukaribu, majani yagusane, yafunike udongo usikauke. Tuta la futi 5 kwa futi 20 linatosha kumfundisha mtu adabu. Kazi hii humwaibisha mwenye haraka, na ni nyepesi zaidi mkiwa wawili.

Wengi hawajui kwamba mbinu hiyo ilipitia chuo kikuu kabla ya kufika Trans Nzoia. Mwaka wa 1967, Mwingereza aitwaye Alan Chadwick, mtunza bustani aliyewahi pia kuwa mwigizaji wa jukwaani, alianzisha bustani ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Alipewa mteremko wenye udongo duni, akaanza kuchimba kwa zana za mkono. Wanafunzi walikuja kutazama, wakashika sepetu. John Jeavons aliichukua mbinu hiyo, akaipima na kuiandikia kitabu mwaka wa 1974, nayo ikasafiri hadi Kitale. Chadwick mwenyewe hakukaa Santa Cruz hata miaka kumi. Bustani ipo hadi leo.

Bustani hiyo ya chuo hunijia akilini kila nikitoka Kitale kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele kuelekea Bungoma. Kabla ya kufika mjini kuna Kibabii, kijiji ambacho leo kina chuo kikuu chake. Kilianza mwaka wa 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro, kikapata hati ya kujitegemea mwaka wa 2015. Chuo kikifika kijijini, shamba la mahindi hugeuka hosteli, bodaboda hupata abiria wa usiku, na mama mboga huhamisha meza hadi langoni. Komredi, yaani mwanafunzi, hununua mrenda, saga na kunde kwake, mara nyingi kwa deni, akisubiri mkopo wa masomo wa HELB.

Sasa jiulize: nani ni jamii ya kampasi? Tukiitisha mkutano wa mazingira, tutawaalika wahadhiri, viongozi wa wanafunzi, labda na chifu. Mama mboga hatumwaliki. Mlinzi wa lango naye husimama nje akilinda magari ya wageni. Lakini mwanafunzi ni mgeni wa miaka minne, na hata katika hiyo minne, likizo hula miezi. Mlinzi na mama mboga ndio wenyeji. Ndio watakaouona mti ukizaa.

Niliwahi kuhudhuria sherehe ya kupanda miti katika chuo fulani ambacho sitakitaja. Hotuba zilikuwa tamu, fulana mpya, kamera tele. Niliporudi baada ya miezi kadhaa, nilikuta miche imesimama mikavu kama njiti za kiberiti, mingine bado imevaa karatasi ya nailoni kwenye mizizi. Hakuna aliyeitoa, kwa kuwa aliyepanda alikuwa mgeni wa heshima na mgeni wa heshima hachafui mikono. Kenya imejiwekea shabaha ya miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda. Sina ugomvi na shabaha hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba hatujapewa sikukuu ya kumwagilia.

Na mboji nayo ina hesabu ya mfukoni. Mwaka wa 2022 gunia la kilo 50 la mbolea ya dukani lilipita shilingi 6,000, hadi serikali ikaingia na ruzuku. Wakati huohuo, maganda ya viazi na ndizi kutoka jikoni za vyuo huenda jalalani, na alizeti mwitu, ile ya maua ya njano iliyojaa kwenye nyua za Magharibi mwa Kenya, hukatwa na kutupwa ilhali majani yake yana naitrojeni na fosforasi ambazo mashamba yetu yanazililia. Changanya hivyo viwili na mabua makavu, upate mboji bila kumwendea mwenye duka.

Ningekuwa na sauti katika baraza la chuo, ningeomba tuta moja tu karibu na lango, lichimbwe na wanafunzi wawili pamoja na mama mmoja wa kijijini. Mavuno yagawanywe: nusu iende mesi, nusu iende mezani kwa mama. Wanafunzi wakifuzu, funguo za stoo ya majembe zibaki kwa huyo mama, naye ndiye awafundishe wa mwaka wa kwanza.

Mvua za masika huku huanza mwezi wa Machi. Mboji huchukua kama miezi mitatu kuiva. Kwa hiyo biwi lianzwe Desemba, wakati wanafunzi wote wako kwao.