Chongo Haitoshi: Namna ya Kumpa Mhusika Dosari

Neno "duara" tunalipenda mno katika uhakiki wetu. Mhusika akionekana ana jema kidogo na baya kidogo, basi, tunaandika "mhusika duara" na kufunga daftari. E. M. Forster, ambaye mwaka 1927 aliwagawa wahusika katika bapa na duara, alidai zaidi ya hapo: mhusika atushangaze, na bado tumwamini. Kwa wachimbaji wadogo wa Geita duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na hakuna mchimbaji anayedhani kwamba kila duara lina mali ndani yake. Wahakiki nao wangeuliza hivyohivyo: humo ndani mna nini?

Mimi nasema tutafute dosari, tena tusiichanganye na udhaifu wala kilema. Fumo Liyongo wa mwambao anadhurika kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Huo ni udhaifu, yaani mlango wa adui kuingilia. Kitendo cha kumwambia mwanawe siri hiyo ndicho kinachokaribia dosari, kwa sababu hapo Liyongo anachagua.

Tofauti hiyo inaonekana wazi mahali ambapo idara za fasihi hazipatazami sana, nazo ni michezo ya kuigiza mezani. Watu kadhaa hukaa pamoja, kila mmoja akisema na kuamua kwa niaba ya mhusika wake. Mmoja huongoza hadithi, na dadu huamua matendo yenye shaka. Mchezo ulioutangaza mtindo huo, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Katika mwingine uitwao GURPS, wa mwaka 1986, mchezaji hununua uwezo wa mhusika wake kwa pointi, na akikubali kasoro hurudishiwa pointi. Chongo inalipwa, tamaa inalipwa. Kilichonifurahisha ni kwamba hata uaminifu wa kutii sheria umo katika orodha hiyo! Hoja ni kwamba mtu asiyeweza kuvunja sheria atakwama palepale mwenzake anapopenya. Kwa hesabu hiyo dosari si lazima iwe dhambi; inatosha kwamba inamgharimu mwenyewe.

Ila wachezaji nao ni wajanja. Mtu anachukua "anaogopa maji", anapokea pointi zake, halafu hadithi nzima hakanyagi ziwani. Waandishi wetu chipukizi hufanya hivyohivyo: tunaambiwa ukurasa wa kwanza kwamba Bwana Fulani ni mlevi, na siku ya mambo yote kuamuliwa yuko macho makavu kama hakimu. Mlinganishe na Zakaria wa Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971). Ulevi na ukali wake unaingia katika maisha ya binti yake, na ukiuondoa riwaya haisimami.

Wasukuma walilijua jambo hili kabla ya vitabu. Katika ngano yao ya Shing'weng'we, zimwi linameza watu wote, anabaki mama mjamzito aliyejificha. Mtoto wake, Masala Kulangwa (na "masala" kwa Kisukuma ni akili), anakua, analiua zimwi, analipasua tumbo na watu wanatoka. Ngano nyingi zingeishia hapo kwa vigelegele. Hii inaendelea: katika kupasua, kisu kinakata sikio la bikizee mmoja. Bibi huyo anakasirika na kutaka kumroga, na shujaa analazimika kumtibu ndipo mambo yatulie. Kwangu mimi hapo ndipo mahali bora zaidi katika ngano nzima. Kisu kilichookoa ndicho kilichojeruhi, na haraka iliyomfaa mbele ya zimwi haikumfaa mbele ya sikio la mtu.

Bikizee huyo ananisumbua, lakini. Ngano inampa sababu ya hasira: amekatwa sikio! Katika vichekesho vingi mchawi hapewi sababu yoyote. Anapewa mgongo uliopinda, kigugumizi na macho mekundu, na hadhira inacheka kwa kuwa imeshamjua. Shinyanga na mikoa jirani wamekwisha kuuawa wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi, ilhali ni kazi ya moshi wa miaka mingi jikoni, wa kuni na wa samadi kavu. Mwaka 2007 hadi 2009 Kanda ya Ziwa ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, mengine yakichochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa dhahabu. Sisemi kichekesho ndicho kilichoua. Nasema msanii anayetumia kilema kama muhtasari wa tabia anaazima macho ya muuaji, na mhakiki akiita jambo hilo "ufundi wa usawiri" anamsaidia.

Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, walifanya kazi na wananchi wa Malya, Kwimba, kutunga maonyesho kuhusu matatizo yao wenyewe, zikiwamo mimba za wasichana. Katika sanaa ya aina hiyo hadhira inawajua watu wanaoigizwa, kwa hiyo dosari ya jumla haipiti. Chukua mwenye duara pale Geita. Ukimpa "tamaa" umempa lebo tu. Mpe hivi: hawezi kutamka mbele ya vijana wake kwamba hela zimekwisha. Sasa atanunua soda kwa wote na kuahirisha matimba ya kushikilia kuta. Ni mkarimu, anapendwa, na mvua ikinyesha ukuta utashuka na watu wamo ndani. Mwigizaji akishaishika dosari hiyo, hana haja ya kuambiwa aseme nini mvua inapoanza.