Sayansi Isomeshwe kwa Tafsiri, Kama Darasa za Msikitini

Mtoto wa Ngomeni au Gongoni, huko kaskazini ya Malindi, hukua akiyaona maji ya bahari yakitiwa katika madimbwi mapana, jua likayapiga, maji yakaondoka na chumvi ikabaki. Hana haja ya kuambiwa kuwa maji huenda hewani na chumvi haiendi. Hayo ameyaona kabla hajajua kushika kalamu. Lakini mtoto huyo huyo, aulizwapo jambo hilo kwa Kiingereza katika karatasi ya mtihani, huweza kulikosa, na ikaandikwa kwamba hajui sayansi. Je, msomaji, ni haki kuandika hivyo?

Jambo hili lina historia yake. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikasema miaka mitatu ya mwanzo mtoto afunzwe kwa lugha isemwayo pale skuli ilipo, kisha Kiingereza kishike usukani. Hiyo ndiyo sera tuliyo nayo hata leo, ingawa skuli nyingi za kulipia huanza na Kiingereza tangu chekechea. Kwetu mwambao lugha ya pale ni Kiswahili. Basi mtoto huchezeshwa ufukweni miaka mitatu, na mwaka wa nne hutoswa kilindini, naye hajafunzwa kuogelea.

Wako wasemao kuwa dawa ni mtoto akariri maneno mengi ya Kiingereza. Lakini maneno magumu si yale marefu ya kitaalamu, kwani hayo humshinda hata mtoto wa London, na mwalimu hujua ya kuwa yanataka kuelezwa. Yenye hila ni yale mafupi ya kila siku. Chukua neno la Kiingereza lenye maana ya kazi. Kwa mwalimu wa fizikia, kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kwa kani hiyo. Mchukuzi wa bandarini aliyesimama kitako na gunia begani, jasho likimtiririka, katika hesabu ya fizikia hafanyi kazi yoyote juu ya gunia lile. Au chukua neno solution: kwa mwalimu wa hesabu ni jawabu la fumbo, na kwa mwalimu wa kemia ni chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji. Mtoto anayelijua kwa maana moja hudhani amefahamu, kumbe amepotea njia.

Maswali nayo yana mitego yake. Ukimwuliza mtoto wa Kiswahili, "Hukula?" naye hakula, hujibu "Ndiyo." Mwingereza katika swali hilo hujibu "La." Sasa mpe mtoto huyo swali la mtihani linalomtaka ataje kipi kati ya vitu vinne si chuma, na wakati nao unamkimbiza. Huenda vyuma vyote akavijua, lakini kile kijineno cha kukanusha kikampokonya alama.

Wala nisidanganye kuwa Kiswahili hakina mitego. Sisi hulitumia neno nguvu kwa mambo ambayo mwanasayansi huyatenga: kani, nishati, na kasi ya kufanya kazi. Tandu, nge na buibui wote kwetu ni wadudu, na sayansi yasema mdudu wake ana miguu sita. Nguva na pomboo mvuvi huwahesabu pamoja na samaki, ilhali wanavuta pumzi kwa mapafu na kunyonyesha watoto wao. Mwalimu aijuaye lugha ya mtoto huijua na mitego hiyo, akaitegua. Asiyeijua, au aliyekatazwa kuitumia darasani, hupita juu yake bila ya kuiona.

Sisi Waislamu wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Nilisoma chuoni kabla ya skuli, na waliosoma kama mimi wataukumbuka utaratibu. Katika darasa za tafsiri msikitini, sheikh husoma aya kwa Kiarabu, huieleza kwa Kiswahili, hutoa mfano wa sokoni au wa baharini, kisha hurudi kwenye Kiarabu chake. Hakuna aliyewahi kusema kuwa kufanya hivyo ni kukidharau Kiarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyefariki mwaka 1947 aliandika vitabu vya dini kwa Kiswahili, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatoa tafsiri yake ya Qurani nzima mwaka 1969, ili watu wafahamu wanachokisoma.

Na sayansi yenyewe ilisafiri hivyo hivyo. Huko Baghdad, Hunayn bin Ishaq, Mkristo wa Hira aliyefariki mwaka 873, alivitafsiri vitabu vya tiba vya Wayunani, na elimu ikapata maneno ya Kiarabu. Baadaye kitabu cha Ibn al-Haytham juu ya nuru na macho kiligeuzwa Kilatini, kikapigwa chapa Ulaya mwaka 1572. Wazungu hawakuona haya kuelezwa kwa lugha waliyoifahamu.

Ndugu zetu wa Tanzania walianza kufundisha skuli zote za msingi za serikali kwa Kiswahili mwaka 1967, na mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Basi asiseme mtu kuwa maneno hayapo. Lakini huko nako mtoto akiingia sekondari hukutana na Kiingereza ghafla. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kipande hadi sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Funzo ni kuwa lugha mbili zikikutana bila ya daraja, mtoto huangukia katikati.

Daraja lenyewe si la gharama. Mwalimu aanze na kitu, ndipo aje kwenye neno. Akitaka kufunza mabadiliko ya kikemia, aulize ni nani aliyeona tanuu la chokaa: mawe ya matumbawe huchomwa, hewa ya kaboni dioksidi ikatoka, kisha chokaa ikimwagiwa maji hutokota pasipo moto. Watoto wajadiliane kwa Kiswahili kwa nini, na wakishakubaliana, waandike kwa Kiingereza sentensi mbili tatu fupi. Daftari liwe na safu tatu: picha, neno la Kiswahili, neno la Kiingereza. Na maneno ya kuulizia, kama linganisha, eleza na taja, yasomeshwe kama somo, kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kiingereza, na kumnyima mtoto Kiingereza hicho ni kumdhulumu vile vile.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mzazi asiyejua Kiingereza asijione hana la kumsaidia mwanawe. Amweleze kwa nini maji ya bamvua huja mwezi uandamapo na ukiwa mpevu, na maji mafu mwezi ukiwa nusu. Kwa nini mtungi wa udongo hupoza maji. Kwa nini jahazi la mbao zito huelea na msumari mmoja huzama. Mtoto atakayekwenda skuli na hayo kichwani, mwalimu atakuwa na pa kuanzia, na kilichobaki kitakuwa ni kumpa majina ya Kiingereza ya mambo ambayo tayari anayajua.