Shahada Mbili kwa Miaka Mitano

Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida hujengwa kwa krediti 120, na ya uzamili kwa krediti 30 hivi. Ukijumlisha unapata 150. Lakini vyuo vikuu vingi vya nchi hiyo vina hesabu nyingine, ambayo mwanafunzi anaondoka na shahada zote mbili akiwa amesoma krediti 138 tu, na kila kitu kimefanyika kwa kufuata kanuni.

Siri iko kwenye zile krediti 12 zilizopungua. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne anaruhusiwa kuchukua masomo manne ya ngazi ya uzamili, kila moja likiwa na krediti tatu. Akifaulu, masomo hayo yanaingia kwenye shahada yake ya kwanza kama masomo ya kuchagua, na siku anapovuka kwenda uzamili anayakuta huko yakimsubiri, yamekwisha kusomwa na kulipiwa. Zinabaki krediti 18. Mwanafunzi wa uzamili anayesoma muda wote huchukua krediti 9 kwa muhula, hivyo mihula miwili inamtosha. Ndiyo maana mpango huu umezoeleka kuandikwa 4+1. Asiyepita njia hiyo ana krediti 30 mbele yake, na kwa mwendo uleule muhula wa nne utamkuta bado yuko darasani.

Si kila chuo kinahesabu krediti 12. Vingine vinaishia 6 au 9, na kila idara ina masharti yake. Swali la kwanza la mzazi au mwanafunzi anayeonyeshwa kipeperushi cha mpango huu liwe hilo: krediti ngapi zinahesabiwa mara mbili? Jibu likiwa ni "hakuna", basi kinachouzwa pale ni kitu kingine, na huenda nacho kina faida yake, ila si punguzo la ada.

Darasani mambo yanaonekana hivi. Idara nyingi huliweka somo moja kwenye ratiba kwa namba mbili: moja ya mfululizo wa 400 kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, nyingine ya 500 kwa wale wa uzamili. Chumba ni kilekile, mhadhiri ni yuleyule, saa ni ileile. Tofauti inaonekana kwenye mtaala wa somo unaogawiwa wiki ya kwanza. Wenye namba ya 500 wanasoma makala zaidi za kitaaluma, wanaandika ripoti ya utafiti ambayo wenzao hawaiandiki, na pengine wana swali la ziada kwenye mtihani. Mwanafunzi wa 4+1 anajisajili kwa namba ya 500. Marafiki zake wa miaka mitatu wako kiti cha pembeni na namba ya 400, nao Ijumaa jioni wamemaliza kazi yao ilhali yeye ndiyo kwanza anafungua kompyuta.

Kisha kuna alama. Kwa shahada ya kwanza, C ni kufaulu. Kwa uzamili, vyuo vingi havikubali chini ya B. Aliyepata C+ kwenye somo la 500 anaweza kulihesabu upande mmoja likakataliwa upande wa pili, na hapo akiba yote ya krediti tatu imeyeyuka. Kwa sababu hiyo idara hazimkaribishi kila mtu: nyingi hutaka wastani wa alama (GPA) wa kati ya 3.0 na 3.5 katika kipimo cha 4.0 kabla ya kufungua mlango. Anayetimiza sharti hilo mara nyingi husamehewa GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya uzamili, na barua za mapendekezo huandikwa na wahadhiri waliomfundisha mwaka huohuo. Usumbufu unaopungua ni mkubwa, ingawa hauonekani kwenye hesabu za ada.

Stanford, kule California, ni mfano mzuri wa chuo kinachofuata njia tofauti. Chuo hicho kinatumia mihula mifupi na vipimo vyake vyenyewe: uniti 180 kwa shahada ya kwanza na 45 kwa uzamili. Mwanafunzi anaruhusiwa kuzisoma shahada mbili kwa wakati mmoja, lakini uniti hazihesabiwi mara mbili. Lazima zitimie 225. Anachopata ni ruhusa ya kuanza mapema na kubaki mahali anapopajua, huku akijaza mihula yake hadi ukingoni. Huko Massachusetts, idara ya uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta ya chuo cha MIT ina shahada ya uzamili ya uhandisi iliyobuniwa miaka ya 1990 kwa ajili ya wanafunzi wa MIT wenyewe. Wa nje haombi. Mwaka wa tano unakwenda kwa masomo ya juu na tasnifu, na tasnifu haina mkato.

Kwa nini miaka mitano, wala si minne na nusu au sita? Katika fani nyingi jibu liko zaidi kwenye sheria za taaluma kuliko kwenye mabaraza ya vyuo, na hakuna fani inayolionyesha jambo hili waziwazi kama uhasibu. Mwaka 1983 jimbo la Florida lilianza kudai kwamba anayetaka leseni ya uhasibu ya CPA awe amesoma krediti 150. Mwaka 1988 wanachama wa AICPA, chama cha kitaifa cha wahasibu wa Marekani, walipiga kura kwamba watakaojiunga baada ya mwaka 2000 watimize kiwango hichohicho, na majimbo yakafuata moja baada ya jingine. Shahada ya kwanza inatoa 120. Pengo ni krediti 30, yaani mwaka mmoja kamili kwa mwendo wa shahada ya kwanza, na uzamili mmoja kamili. Shule za biashara hazikuhitaji kuelekezwa; zikaunda programu za miaka mitano zenye krediti 150 kamili, zinazomtoa mwanafunzi akiwa na shahada mbili na sifa ya kuomba leseni.

Lakini sheria iliyoujenga mpango ndiyo hiyohiyo inayoweza kuubomoa. Malalamiko kwamba mwaka wa tano unawafukuza vijana kwenye uhasibu yaliongezeka kadiri watahiniwa wa CPA walivyopungua, na Januari 2025 jimbo la Ohio likapitisha sheria ya kufungua njia nyingine: kuanzia tarehe 1 Januari 2026, mwenye shahada ya kwanza anaweza kupata leseni akifaulu mtihani na kufanya kazi miaka miwili. Majimbo mengine yamepitisha sheria za aina hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa uhasibu anayeingia mwaka wa kwanza sasa asijaze fomu ya mpango wa miaka mitano kwa sababu kaka yake aliijaza. Alipwe mshahara kwa miaka miwili au alipe ada kwa mmoja? Hilo ni swali la kweli, na kwa wengi jibu limebadilika.

Wakati vyuo vya Marekani vikiunganisha, Ulaya ilikuwa inatenganisha. Tarehe 19 Juni 1999 mawaziri wa nchi 29 walitia saini Azimio la Bologna, na baada ya hapo nchi kama Ujerumani zikazikata shahada zao ndefu vipande viwili, ya kwanza na ya uzamili, ili mwanafunzi aweze kuhama nchi katikati. Uingereza ilitia saini pia, ila haikuiacha shahada yake ya uzamili unganishi. Mwanafunzi wa uhandisi, fizikia au kemia huko England anaingia na kusoma miaka minne mfululizo, na Scotland mitano. Kwa hesabu ya huko, ambayo si ile ya Marekani, shahada ya kawaida ya England ina krediti 360. Ile unganishi ina 480, na angalau 120 kati yake ni za ngazi ya uzamili. Uzamili unaosomwa peke yake una 180. Wahandisi wanaipenda ile unganishi kwa sababu ngazi ya uzamili ndiyo kiwango cha elimu kinachotazamwa kwa anayetaka kusajiliwa kama mhandisi mwenye hadhi kamili ya kitaaluma. Na kuna sababu ya mfukoni: mkopo wa wanafunzi wa shahada ya kwanza unamfikisha hadi mwaka wa mwisho, ilhali anayesoma uzamili peke yake anaingia kwenye mkopo mwingine wenye kanuni nyingine.

Marekani mambo ya mkopo ni magumu zaidi, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoumia. Chuo huwa na siku ambayo mwanafunzi wa 4+1 anaacha kuhesabiwa kuwa wa shahada ya kwanza na kuwa wa uzamili. Siku hiyo haina sherehe. Ni mabadiliko kwenye kompyuta ya msajili, lakini yanagusa kila dola. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, ilifikia kiwango cha juu cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2024–25, nayo ni ya shahada ya kwanza tu. Mkopo ambao serikali hulipa riba yake mwanafunzi akiwa bado anasoma nao unakoma. Riba yenyewe inapanda: kwa mwaka huo ilikuwa asilimia 6.53 kwa mikopo ya shahada ya kwanza na 8.08 kwa ya uzamili. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mikopo ya Grad PLUS, iliyokuwa ya ziada kwa wanafunzi wa uzamili, imefungwa kwa wakopaji wapya, na mwanafunzi wa uzamili anabaki na ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka.

Kanuni hizi zinazigusa nyumba nyingi zinazozungumza Kiswahili. Familia za Kikongo zilizopokelewa Marekani kama wakimbizi, pamoja na Watanzania, Wakenya na Warundi wenye ukaazi wa kudumu, wana haki ya misaada hiyo ya serikali kuu. Binti wa familia kama hiyo anayesoma kwa Pell akivushwa kwenda uzamili muhula mmoja mapema kuliko ilivyohitajika, anaipoteza ruzuku ya muhula ambao angeweza kuusoma akiwa bado upande wa shahada ya kwanza. Kwa hiyo afisa wa misaada ya fedha aulizwe kabla fomu haijasainiwa, na jibu liwe la maandishi.

Aliyekwenda kwa viza ya F-1 hana Pell wala mkopo wa serikali, ila ana kalenda yake ya kuichunga. Kanuni za viza hiyo zinampa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa kila ngazi ya shahada, na miezi 24 zaidi kama fani yake ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hesabu. Anayetunukiwa shahada mbili siku moja, kwa vitendo anabaki na kipindi kimoja. Kwa upande mwingine, viza ya kazi ya H-1B ina ukomo wa nafasi 65,000 kwa mwaka pamoja na 20,000 zilizotengwa kwa wenye uzamili au zaidi wa vyuo vya Marekani, kwa hiyo shahada ya pili inampa nafasi ambayo mwenye ya kwanza hana.

Je, kipato kinapanda? Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za mwaka 2023, mwenye shahada ya kwanza katikati ya msururu alipata dola 1,493 kwa wiki na mwenye uzamili dola 1,737. Kwa mwaka hiyo ni tofauti ya zaidi ya dola 12,000. Tarakimu hizo, hata hivyo, zimechanganya walimu ambao ngazi zao za mshahara hupanda kwa cheti, wahandisi, na watu waliorudi chuoni wakiwa na uzoefu wa miaka kumi kazini. Kijana wa miaka 22 mwenye uzamili na bila siku moja ya kazi asijipangie mshahara kwa kuzitazama.

Kwetu Afrika Mashariki hatua hizi mbili bado zimetengana karibu kila mahali. Tanzania shahada nyingi za kwanza ni za miaka mitatu, uhandisi minne. Kenya ya kawaida ni minne. Hata matawi ya vyuo vya nje yamefuata mkondo huo: Carnegie Mellon ya Kigali inatoa uzamili peke yake, na tawi la IIT Madras lililofunguliwa Zanzibar mwaka 2023 lilianza na shahada ya kwanza ya miaka minne upande mmoja na uzamili wa miaka miwili upande mwingine, ingawa vyuo vya IIT huko India vina shahada pacha za miaka mitano.

Anayerudi nyumbani na shahada iliyounganishwa anapaswa kujua kwamba dirisha la ajira halitaijua kwa kuitazama. Cambridge humpa mhandisi wake shahada mbili, ya kwanza na ya uzamili, lakini vyuo vingi vya Uingereza hutoa cheti kimoja kwa miaka yote minne. Tangazo la kazi linalodai shahada ya kwanza na ya uzamili linamwacha mwenye cheti kimoja akijieleza. Huko Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo inayotambua tuzo za vyuo vya nje, na kinachosaidia maombi ya aina hiyo ni matokeo yanayoonyesha ngazi ya kila somo, pamoja na barua ya msajili inayosema krediti zipi zilikuwa za uzamili. Barua hiyo iombwe mwanafunzi akiwa bado chuoni, wakati anaweza kwenda dirishani kwa msajili mwenyewe na kuisoma kabla haijagongwa muhuri.