Kabla ya Kulipa Jimu

Ndugu wanakikundi, jimu sasa zimefika hata kwenye soko zetu, na wengi mnatuuliza kama mjiunge. Tunasema: kwanza ingieni mtazame.

Nyingi zina benchi, kamba ya kuruka na vyuma vya kuinua. Pengine chuma chenyewe ni paipu tu yenye mikebe ya saruji huku na huku. Si kitu, mradi imeshika vizuri. Ulizeni: kuna mwalimu? Kuna choo na maji ya kunywa? Akina mama wana saa yao? Anayeanza alipe kwa siku, asikimbilie malipo ya mwezi.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Anayelima na kuteka maji ameshapata sehemu yake. Anayeketi dukani kutwa ndiye mwenye haja zaidi.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au sukari apitie zahanati kwanza. Na pesa ya karo isiguswe: kutembea haraka hakulipiwi.