MLIO USIO WA KAWAIDA KATIKA GARI NI ILANI

Madereva wa gari za Serikali, za abiria na za watu binafsi wanakumbushwa kwamba gari aghalabu hutoa ilani kabla ya kuharibika, na mara nyingi ilani hiyo huja kwa sauti. Dereva anayepandisha redio ili asiusikie mlio haondoi kasoro. Huiakhirisha tu, na gharama yake huzidi kila siku.

Jambo la mwanzo si kujua jina la kifaa kilichoharibika, bali kujua mlio unafuata nini. Mlio unaobadilika mafuta yanapokanyagwa, ingawa gari imesimama, asili yake ni injini au vinavyozungushwa nayo. Mlio unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, gia yoyote iwayo, kwa kawaida hutokana na magurudumu.

Dalili zilizo muhimu ni hizi:

(a) Mlio mwembamba na mkali wakati wa kufunga breki. Pedi nyingi huwekewa kibati kinachogusa diski pedi inapokaribia kwisha, makusudi ili dereva asikie. Akipuuza, chuma husaga chuma na breki hupungua nguvu. Katika barabara yenye miteremko na kona, kama ile ya Mkoani hadi Chake Chake, hilo ni suala la roho za watu. Lakini mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, unaotoweka breki zikishakanyagwa mara chache, kwa kawaida ni kutu nyepesi juu ya diski.

(b) Mvumo unaoongezeka kwa mwendo na kubadilika gari inapopinda. Beringi ya gurudumu ishukiwe.

(c) Mlio wa "ta-ta-ta" wakati wa kukata kona, kwa gari inayovutwa na magurudumu ya mbele. Mara nyingi mpira unaofunika kiungo cha ekseli umepasuka, grisi imetoka na mchanga umeingia.

(d) Kugongagonga baada ya tairi kubadilishwa. Dereva asimame mara moja akaze nati.

(e) Kishindo kizito ndani ya injini, hasa taa ya oili ikiwaka. Dereva aegeshe mahali salama, azime injini, wala asiiwashe tena kabla ya fundi kuikagua.

Ni hatari kuzima injini gari ikiwa mwendoni kwa nia ya kusikiliza: breki huwa nzito, na usukani unaweza kujifunga.

Dereva anayepeleka gari kwa fundi aandike mlio ulisikika lini, upande gani, kwa mwendo gani, na kama injini ilikuwa baridi au moto. Maelezo hayo humwongoza fundi kwenye kasoro yenyewe na kumwepusha kufungua vifaa vizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.