ZIARA ZA MAFUNZO ZA WATUMISHI: MAELEZO YA MATAYARISHO KWA MFANO WA CHUNYA, MKOA WA MBEYA

Imekuwa kawaida kwa idara za Serikali na mashirika ya umma kupeleka watumishi wao Tanzania Bara kwa makundi, ili watembelee viwanda, wabadilishane uzoefu na kuimarisha mashirikiano kazini. Ziara za namna hiyo hugharimiwa kwa fedha za umma, na katika siku zote za safari wananchi huikosa huduma ya watumishi waliosafiri. Kwa hiyo inafaa wakuu wa idara, watumishi na wananchi kwa jumla wafahamu namna ziara inavyotayarishwa, tofauti yake na matembezi ya kawaida, na matokeo ambayo wananchi wana haki ya kuyatazamia msafara utakaporejea.

Maelezo haya yanachukua mfano wa Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, kwa kuwafikiria watumishi wanaoshughulika na ununuzi, upimaji na uwekaji wa kumbukumbu za karafuu.

Kwa nini Chunya

Dhahabu ya Mto Lupa ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 wachimbaji wengi walimiminika huko. Mji wa Chunya ulikua kutokana na dhahabu hiyo. Mwaka 2016, ulipoundwa Mkoa wa Songwe, sehemu ya magharibi ya wilaya hiyo ilikatwa na kuwa Wilaya ya Songwe. Chunya ilibaki Mbeya, na hadi leo uchumi wake unategemea wachimbaji wadogo wa dhahabu pamoja na wakulima wa tumbaku.

Kwa mtazamo wa kwanza dhahabu na karafuu hazina uhusiano. Hata hivyo, mtumishi wa kituo cha kununulia karafuu atakuta huko mambo matatu anayoyajua. Kwanza, zote mbili ni mali ndogo kwa umbo na kubwa kwa thamani, kwa hivyo ni rahisi kutoroshwa kwa magendo. Pili, mzalishaji ni mtu mdogo ambaye hutegemea mizani na kipimo cha mwingine. Tatu, sehemu ya thamani hubaki katika kile kinachodhaniwa kuwa taka.

Jambo hili la tatu lahitaji ufafanuzi. Mawe yanayotolewa katika duara husagwa kwa karasha na vinu hadi kuwa unga, kisha unga huo huoshwa kwa maji katika mwalo ili chembe nzito zitengane na nyepesi. Mchanga mzito uliobaki huchanganywa na zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu. Mchanganyiko huo unapochomwa, zebaki huondoka kwa mvuke na dhahabu hubaki. Lakini dhahabu nyingi haishikwi kwa njia hii. Hubaki katika mchanga uliokwisha oshwa, ambao wachimbaji huuita marudio. Wenye mitaji huutia mchanga huo katika matangi yenye sayanaidi, wakainasa dhahabu kwa kaboni, kisha kaboni hiyo ikapelekwa kwenye mitambo ya kuchenjua. Mchimbaji asiyejua kilichomo ndani ya marudio yake huyauza kwa bei ya mchanga.

Mkulima wa karafuu analo jambo kama hilo katika makonyo. Vikonyo vinavyochambuliwa vina mafuta, na ndiyo malighafi ya kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinachomilikiwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC).

Swali kabla ya safari

Kosa linalojirudia katika matayarisho ya ziara ni kuanza na tarehe na hoteli, na swali likatafutwa baadaye. Idara yatakiwa kwanza iandike kwa sentensi moja kile inachotaka kukijua. Kwa mfano huu swali laweza kuwa: ni katika hatua gani thamani humpotea mzalishaji kati ya anapoipata mali yake na anapolipwa, na ni hatua ipi kati ya hizo inaweza kurekebishwa na watumishi wenyewe?

Swali likishaandikwa, lafuata la pili: je, jibu haliwezi kupatikana karibu zaidi? Mtumishi ambaye hajapata kuingia kiwanda cha Wawi hana sababu ya kuanzia Chunya. Siku moja ya kutembelea kiwanda hicho, pamoja na kituo kimoja cha kununulia na shamba moja, ingepasa kutangulia. Msafara utakaokwenda Bara bila ya kujua mambo ya nyumbani hautakuwa na cha kulinganisha.

Nani asafiri

Nafasi za ziara hupewa zaidi wakuu. Katika mfano huu wanaohitajika hasa ni mpimaji wa mizani, mkaguzi wa daraja la karafuu, karani wa kumbukumbu, mhasibu wa kituo na afisa wa afya na usalama kazini. Mkuu mmoja mwenye madaraka ya kuamua atatosha kuongoza msafara. Idadi ya watu 20 inaruhusu makundi manne ya watu watano na haizidi uwezo wa kiwanda kupokea wageni. Wanawake na wanaume wapate nafasi kwa usawa, na watumishi wa Unguja na Pemba wachanganywe katika kila kundi.

Wakati na njia

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mwezi wa Mei au Juni unafaa zaidi: njia za machimboni zimekauka, na masoko ya tumbaku huwa yamefunguliwa. Aidha, mafunzo yatakayopatikana yataweza kutumika kabla ya msimu wa karafuu kupamba moto. Idara izingatie kwamba mwaka wa fedha humalizika Juni 30, na kwamba ziara isipangwe ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kiasi cha kilomita 830 kwa barabara, kupitia Morogoro, Iringa, Mafinga na Makambako. Si busara kuimaliza njia hiyo kwa siku moja. Msafara ulale Iringa. Anayetaka kuona kiwanda kikubwa njiani anaweza kuomba ruhusa katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Wilaya ya Mufindi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa cha umma na kubinafsishwa mwaka 2004. Kituo hicho kiongezwe iwapo tu kinasaidia kujibu swali lililoandikwa. Wanaosafiri kwa ndege hutumia Kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012. Kutoka Mbeya, barabara ya lami hupanda milima kabla ya kuteremka Chunya, mwendo wa kilomita 70 hivi. Juni na Julai huko ni miezi ya baridi kali kwa mtu aliyezoea hewa ya pwani. Kila mtumishi achukue sweta na koti.

Barua za maombi zitangulie kwa muda wa kutosha, kupitia afisi ya Mkoa wa Mbeya na ya Wilaya, na nakala ipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi. Barua itaje swali la ziara, majina na vyeo vya wasafiri, na mahitaji ya chakula halali na wakati wa sala.

Usalama na mwenendo

Machimbo na mitambo ya kuchenjua si mahali pa kuzurura. Kila mgeni avae kofia ngumu na viatu vya kufunika mguu, na asiingie ndani ya duara. Asiguse matangi ya sayanaidi wala kusimama karibu na mahali zebaki inapochomwa. Mvuke wa zebaki hudhuru mishipa ya fahamu, na hatari ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Wakaazi wa visiwani wana sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba, na watu waliokula samaki wa ghuba hiyo wakapatwa na maradhi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Chunya kuna kituo cha mfano cha Itumbi, kilichojengwa chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) ili kuwaonesha wachimbaji wadogo namna bora ya kuchenjua dhahabu. Kituo hicho kiwemo katika ratiba.

Picha zisipigwe bila ya ruhusa, hasa mahali dhahabu inapopimwa. Msafara usipokee zawadi, posho wala malazi kutoka kwa kiwanda au mfanyabiashara anayetembelewa.

Kazi za makundi

Michezo ya pamoja ina nafasi yake, na kupanda kwa miguu hadi Ziwa Ngozi, Wilaya ya Rungwe, kutawafaa wenye afya njema. Lakini kinachojenga mashirikiano zaidi ni kazi ambayo kundi moja haliwezi kuimaliza bila ya jengine. Utaratibu ufuatao unapendekezwa:

(a) Kundi la kwanza lilifuate jiwe, kutoka duara hadi dhahabu.
(b) Kundi la pili lifuate karatasi: leseni, daftari, stakabadhi, na nani hutia saini wapi.
(c) Kundi la tatu lifuate fedha: nani hulipwa, kiasi gani na lini.
(d) Kundi la nne lifuate afya ya mfanyakazi na mazingira.

Makundi yote manne yakutane katika soko la madini la Chunya. Masoko ya aina hii yalianzishwa nchini mwaka 2019 ili kupunguza utoroshaji. Muuzaji huleta dhahabu yake, hupimwa uzito na usafi mbele yake, wanunuzi wenye leseni hununua hapo hapo, na mapato ya Serikali hukatwa kabla ya mali kuondoka. Utaratibu wa karafuu ni tofauti, kwani ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, ndilo mnunuzi pekee. Watumishi wasiende kwa nia ya kuamua utaratibu upi ni bora. Waangalie mambo madogo: je, muuzaji anaweza kuisoma mizani mwenyewe? Je, anaelezwa sababu ya kipimo? Hungoja muda gani? Akikataa bei, anaruhusiwa kuondoka na mali yake?

Jioni ya siku hiyo kila kundi lichore njia yake juu ya karatasi kubwa. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuondoka, wachore njia ya karafuu kutoka mtini hadi kituoni, na kuweka alama kila mahali mkulima anapopoteza.

Gharama na ripoti

Bajeti ioneshe mbalimbali nauli, malazi, posho ya kujikimu, vifaa vya usalama, huduma ya kwanza na akiba ya dharura. Kila kisichohusiana na swali la ziara kiondolewe.

Ripoti iandikwe ndani ya wiki mbili baada ya kurejea, na makundi yote manne yachangie. Isizidi kurasa sita, na itaje mambo yasiyozidi matatu yatakayobadilishwa, jina la mtumishi atakayesimamia kila moja, na tarehe ya kulikamilisha. Mapendekezo yanayohitaji fedha mpya au sheria mpya yatengwe, yasije yakazuia yale yanayoweza kufanywa mara moja, kama vile kuigeuza mizani imwelekee mkulima au kubandika ukutani maelezo ya madaraja.

Muhtasari wa ripoti ufikishwe kwa wakulima kupitia masheha kabla ya vituo vya kununulia kufunguliwa. Mkulima atakayefika kituoni na kukuta hakuna kilichobadilika ana haki ya kumuuliza mkuu wa kituo ni jambo gani kati ya yale matatu lililokwama, na kwa sababu gani.