Mchagua Jembe: Ila, Kasoro na Defo katika Masoko ya Uvira

Methali inasema mchagua jembe si mkulima. Shuleni tunaifundisha kama karipio kwa mvivu: analigeuza kila jembe, mara hili zito, mara lile rangi imechubuka, na kumbe anatafuta tu sababu ya kutokwenda shambani. Lakini msomaji akienda siku ya soko mahali ambapo zana zimetandazwa chini, iwe Uvira mjini, Kiliba, Sange au Luvungi katika bonde la Ruzizi, ataona kwamba wanaochagua zaidi ni wakulima wenyewe. Mama anayelima muhogo huchutama mbele ya rundo, akachukua jembe, akalipindua, akaligonga kwa kokoto, akatega sikio, akalirudisha. Anayechukua la juu bila kuuliza, kwa sababu linang'aa na lebo yake imenyooka, mara nyingi ni mtu wa mjini anayemnunulia shangazi yake wa kijijini.

Je, methali imekosea? Au kitenzi kuchagua kimebeba vitendo viwili ambavyo sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuvitenganisha? Naona ni hilo la pili, na njia nzuri ya kulionyesha ni kuanza na maneno yanayotumiwa kuitaja kasoro.

Neno kasoro lenyewe lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupungua au kutofika. Ndilo tunalolisikia katika saa tatu kasoro robo. Kwa hiyo jembe lenye kasoro ni jembe lililopungukiwa, halijatimia, kama saa ambayo haijafika. Ila nayo ilitoka katika neno la Kiarabu linalotaja maradhi na upungufu. Isichanganywe na ila ya kiunganishi, yenye maana ya isipokuwa, ambayo ina asili nyingine, ingawa katika kizuri hakikosi ila sikio linaweza kuzisikia zote mbili.

Neno lenye safari ya kuvutia kuliko yote ni aibu. Katika Kiarabu, aibu kwanza ni kasoro ya kitu, na katika sheria ya Kiislamu ya biashara ni istilahi kamili: mnunuzi akigundua aibu ambayo hakuionyeshwa wakati wa kununua, ana hiari ya kukirudisha kitu. Wanasheria wa madhehebu ya Hanafi waliieleza aibu kuwa ni chochote kinachopunguza bei katika desturi ya wafanyabiashara. Tuitazame vizuri fasili hiyo. Haiulizi kama panga linakata. Inauliza kama wafanyabiashara watalitolea bei ndogo. Mkwaruzo ubavuni mwa panga unaweza kuwa aibu kamili, hata kama panga hilo linaangusha mgomba kwa pigo moja. Kiswahili kililipokea neno hili kikalihamisha kutoka kwenye bidhaa hadi kwa watu. Leo jembe lenye ufa halina aibu. Mwenye aibu, kama anayo, ni yule aliyeliuza.

Uvira tumeongeza neno letu, defo, kutoka katika Kifaransa. Iko na defo ndiyo sentensi inayosikika zaidi kwenye rundo la zana, nayo haitofautishi rangi iliyobanduka na chuma kilichopasuka. Ndiyo maana mazungumzo mengi hufuata mkondo mmoja:

— Papa, hii iko na defo.

— Mama, hiyo si defo, ni rangi tu.

Muuzaji hapa anagombania maana ya neno. Anataka defo ibaki na maana ya kuharibika kwa kazi. Mama anataka ibebe maana ile ya wanasheria, yaani chochote kitakachoshusha bei. Wote wawili wanajua jembe litalima. Kiswahili sanifu kina usemi unaolieleza jambo hili kwa ukali zaidi: kutia ila. Bidhaa iliyotiwa ila haikuwa na ila kabla ya mnunuzi kufungua mdomo. Yeye ndiye aliyeitia. Linganisha na uchaguzi uliotiwa dosari, ambao umeharibika kwelikweli. Kitenzi ni kilekile, tia, lakini cha kwanza ni tendo la usemi na cha pili ni tendo la mkono. Mwanafunzi anayetafuta mada ya pragmatiki asiende mbali. Akae saa mbili karibu na wauza majembe.

Hata hivyo ingekuwa makosa kudhani kwamba kila anayetazama sura ya zana anatafuta punguzo. Sura ya chuma husema mambo, na anayeijua huisoma.

Mlio kwanza. Chuma kizima kikigongwa hulia kwa muda, na chenye ufa hukata sauti upesi, kwa sababu ufa hula mtikisiko. Akina mama hutumia ujuzi huohuo wakinunua vyungu. Ufa wa jembe hujificha mara nyingi pale bapa linapoungana na tundu la mpini, nayo rangi nene ya kiwandani huufunika vizuri. Kwa hiyo mnunuzi anayekwangua rangi mahali hapo kwa ukucha, muuzaji akikasirika, hafanyi upuuzi. Rangi ndiyo inayomzuia kuona. Jembe jeusi la mhunzi, lililofuliwa kwa chuma cha springi za gari, huonekana baya kando ya lile la kiwandani, lakini halina mahali pa kuficha kitu.

Kutu pia ina lugha yake. Kutu nyekundu ya juu juu, ile inayotoka kwa kusugua na mchanga, si kitu. Hewa ya ziwani huileta kwa chuma chochote kilicholala wazi. Kutu iliyochimba vishimo ni jambo jingine, hasa karibu na makali, kwa kuwa siku ya kunoa kila kishimo kitageuka pengo, na ufa hupenda kuanzia hapo. Mipini nayo ina mambo yake: nyuzi za mti zikienda sambamba na urefu wa mpini, utadumu, zikikatiza upande, utavunjika hata kama umepakwa vanishi ya kupendeza. Kifundo katikati ya mpini kina hatari zaidi ya kifundo mwishoni.

Halafu kuna doa la buluu. Chuma cha patasi au panga hukazwa kwa moto na kupozwa haraka, kisha hupashwa tena kidogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Katika kupashwa huko, uso wake hubadilika rangi: karibu na nyuzijoto 230 huwa wa manjano hafifu, na karibu na 300 huwa wa buluu. Fundi akinoa patasi kwenye mashine ya umeme bila kuitia maji, makali hupata buluu. Kwa mtazamaji asiyejua, ni doa tu, tena doa zuri. Kwa fundi ni habari kwamba mahali pale chuma kimelainika na hakitashika makali mpaka sehemu hiyo isagwe yote iishe. Hapa mpaka tuliodhani upo, kati ya kasoro ya sura na kasoro ya kazi, unapotea kabisa.

Biashara ya chuma si ngeni Uvira. Burton na Speke walipofika hapa Aprili 1858, wakitokea Ujiji kwa mitumbwi, Burton aliandika kuhusu soko la kaskazini ya ziwa, na vitu vya chuma vilikuwa miongoni mwa bidhaa alizozitaja, pamoja na pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na, kwa huzuni ya historia yetu, watumwa. Katika karne hiyo jembe lilikuwa zaidi ya zana. Unyamwezini majembe yalitumika kama fedha na kama mahari. Rwanda na Burundi jembe, isuka, limekuwa sehemu ya mahari pia. Jembe likiwa fedha, fasili ya Hanafi inapata nguvu mpya. Anayelipokea hataki kulima nalo kesho, anataka kulitoa tena kwa mtu mwingine, na huyo naye atalitazama. Ncha iliyopinda itamgharimu hata kama haitamsumbua mkulima yeyote.

Baadaye yalikuja majembe ya viwandani. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, iliyatia majembe yake alama ya mamba, na alama hiyo ikajulikana sehemu nyingi za Afrika. Dar es Salaam, kiwanda cha UFI cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China kilitengeneza majembe ambayo watu waliyaita kwa herufi hizo tatu. Alama ilibadilisha namna ya kutazama: mnunuzi alianza kusoma kilichogongwa juu ya chuma kabla ya kukigonga chuma chenyewe. Na kwa kuwa alama huigwa kwa urahisi kuliko chuma, herufi zilizokaa kombo au mamba mwenye mkia mfupi zikawa ushahidi. Leo bidhaa zinazoingia kwa mpaka wa Kavimvira au kwa bandari ya Kalundu hugawanywa na wanunuzi katika makundi mawili, orijino na nyingine zote, na wengi huamua kwa macho. Ila ya uchapaji, jambo dogo kabisa kwa kazi, imekuwa njia ya kukisia ubora wa kitu ambacho hakiwezi kupimwa sokoni. Anayenunua jembe moja kwa msimu, na hana risiti wala mahali pa kulirudisha, ana haki ya kutumia kila dalili aliyo nayo.

Ulaya na Marekani kuna wapenzi wa zana ambao, kwa mtazamo wa kwanza, wanafanana naye. Wakusanyaji wa randa za kale za Stanley huikadiria rangi nyeusi ya asili iliyobaki kwenye chuma kwa asilimia, na bei hupanda au kushuka kwa hesabu hiyo. Wapo wanaomkemea vikali anayeisugua randa ya zamani ikang'aa, kwa sababu amefuta ukungu wa miaka. Wengine hurudisha patasi mpya kwa mkwaruzo mmoja usiogusa makali. Sioni sababu ya kuwacheka. Randa isiyoranda tena ina uso tu wa kutazamwa, na wao wamerudi, bila kujua, kwenye jembe la Unyamwezi: kitu cha chuma ambacho thamani yake iko kwa mtu atakayekipokea baadaye.

Tofauti yao na mama wa Luvungi iko katika wakati. Yeye huchagua kabla, mara moja, na akishalipa hesabu imefungwa. Jembe likifika shambani halitazamwi tena. Bapa lake litalika mwaka hadi mwaka, na likishakuwa fupi mno kwa kulimia litabaki la kupalilia. Hakuna anayeliita lenye kasoro, ingawa limepungua nusu, na kupungua ndiko hasa kasoro ilikotoka. Methali, nadhani, inamlenga anayeendelea kuchagua wakati mvua ya kwanza imekwisha kunyesha. Kwamba imeandikwa kwa kitenzi kilekile ni ufupi wa methali, ambazo hazina nafasi ya vielezi vya wakati.

Limebaki tendo moja ambalo sijalipatia neno. Maseremala wa hapa, na wajenzi wa mitumbwi kando ya ziwa, wakinunua nyundo, ambayo wengi wao huiita marto, huchukua kipande cha chupa na kuikwangua vanishi yote ya mpini. Vanishi huteleza kwa jasho na kutoa malengelenge kiganjani. Nyundo hubaki chakavu kwa sura kabla ya kupiga msumari wa kwanza, na ukimuuliza fundi anafanya nini atakujibu anaitengeneza. Mwenye duka akiiona siku ya pili, hawezi tena kuiuza kwa bei ya jana.